Skuta Uliyosema Imekufa

Kwako Baba Neema,

Ujumbe wako umefika. Uliutuma kwenye simu ya dada wa duka la mkaa kwa sababu yangu huipati tena, naye akanisomea mbele ya wateja wawili, neno kwa neno, bila kuruka hata salamu. Unauliza habari za sanduku lako la vifaa. Unasema fundi hawezi kuanza maisha Nateete bila bisibisi wala mita. Unasema pia nisiwe na roho mbaya.

Jibu la sanduku lipo, lakini nimeliweka mwisho wa barua. Usirukie huko. Wewe ndiye uliyenifundisha kusubiri, na mwanafunzi wako nilifaulu, kwa hiyo leo subiri na wewe kidogo. Na barua yenyewe nimeiandika ya wazi. Nakala moja nimeibandika kwenye ubao wa mwenyekiti wa mtaa, chini ya tangazo la usafi. Mambo yetu yaliishia hadharani, sioni kwa nini niyarudishe uvunguni.

Nianze na mema, wasije wakasema nimekuandikia kwa chuki tupu. Unakumbuka siku uliyoileta skuta? Ulikwenda Nakawa, wanakofungua makontena ya mitumba, kutafuta redio za kufufua, ukarudi na kigari cha umeme cha magurudumu manne ambacho huko kilikotoka lazima kilikuwa cha kibibi fulani wa Kizungu. Ulikipanda mwenyewe kutoka Nakawa mpaka hapa Kamwokya, magoti yamekugusa kidevu, na watoto wa mtaa mzima wakikufuata nyuma wakicheka. Ukakiosha kwa maji ya sabuni, ukakipangusa mpaka kwenye mashimo ya skrubu. Kisha ukaniita.

"Mama Neema, panda. Hii ndiyo miguu yako sasa."

Nilikuwa na umri wa miaka minne polio iliponishika, na tangu hapo nilikuwa mtu wa magongo na chuma cha mguu. Wewe ulijua mabega yangu yalivyokuwa yamekwisha. Kwenye usukani palikuwa na kitufe cha kuzungusha, upande mmoja kimechorwa kobe na upande wa pili sungura. Ukakiweka kwa kobe, ukasema, "Usipite hapa, utaanguka." Sikupita. Nilikwenda mpaka duka la mkaa nikarudi, nikaenda tena, nikarudi, mara ya tatu dada wa mkaa akaniuliza nimesahau nini. Nilikuwa sijasahau kitu. Nilikuwa natembea tu, kama watu wengine wanavyotembea bila sababu. Nikalia, na wewe ukanifuta machozi kwa kitambaa cha kazi kilichonuka petroli. Siku hiyo nilikupenda kuliko siku ya ndoa. Ninaliandika hili bila aibu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka likuume.

Kwa skuta hiyo nilipata meza yangu ya kushona kwenye soko la Nakawa. Nilikuwa natoka asubuhi na mapema kabla magari hayajawa mengi, kitambaa kwenye kikapu cha mbele, magongo nyuma ya kiti. Nilijulikana. Watu wa soko waliniita dereva. Na nadhani ni hapo ndipo skuta ilipoanza kufa.

Ilikufa mara ya kwanza asubuhi ya mafunzo ya washonaji. Nikageuza ufunguo, taa zikawaka, nikabonyeza cha kuendea, haikwenda. Ililia tu. Wewe ukatandika mkeka, ukafungua sanduku, ukapanga bisibisi kwa safu kuanzia kubwa mpaka ndogo, ukaniambia nisogee. "Wacha nione. Hii mota ina hasira zake." Ukaifungua kifuniko, ukaifunga, ukachafua mikono mpaka kwenye viwiko. Mchana ikapona, mafunzo yalikuwa yameisha.

Ilikufa tena siku washonaji walipotaka kunichagua kiongozi wao. Jina langu lilisomwa, mwenyewe sikuwepo, wakamchagua aliyekuwepo. Ilikufa siku ya harusi ya binti wa shangazi. Ilikufa kila asubuhi tuliyoamka tumenuniana, na mimi nikawa naona ni mkosi wangu, kwamba nikigombana na wewe hata vyombo vya nyumbani vinashuka moyo. Nilikuletea chai pale mkekani. Nilikusifu kwa akina mama wa kanisa, kwamba nina mume anayeweza kufufua kitu chochote. Nilipokuomba unionyeshe, walau nijue panapoharibika, ulisema, "Nyumba ina fundi mmoja. Wawili watachoma waya." Nikacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa naifua.

Sasa nakuja kwenye siku ya baba yangu. Ukitaka kuikunja barua, hapa ndipo pa kuikunja, lakini ile ya ubaoni watu wataisoma mpaka mwisho.

Baba alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago wiki ya pili. Kutoka kwetu mpaka Mulago ni mwendo ambao skuta iliumaliza nikiwa bado sijamaliza kuimba wimbo mmoja wa kanisa. Wewe ulimtembelea siku moja kabla, ukarudi umenyamaza. Asubuhi yake nikavaa gomesi ya bluu, gauni ambalo baba alilipenda, nikageuza ufunguo. Taa zikawaka, ikalia, haikwenda.

Nikasema niite gari. Ukasema, "Gari la nini na mashine iko karibu kupona? Nusu saa tu, Mama Neema."

Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kushuka barabarani ilikuwa utelezi mtupu, na kwa magongo nisingefika bila kuanguka. Nikakaa. Nusu saa ikapita, nikauliza, ukasema nusu saa. Saa sita nikauliza. "Nusu saa tu, nimeshaona waya wenyewe." Saa nane nikakwambia basi nibebe tu, nibebe mgongoni. Ukanionyesha mikono yako jinsi ilivyo na grisi, ukasema utaiharibu gomesi. Saa kumi kasoro kaka yangu akapiga simu, na sikuhitaji kusikiliza alichosema, nilisikia alivyovuta pumzi.

Saa kumi na moja skuta ikapona. Ulisema, "Mungu ameisaidia." Nikaenda Mulago kumwona baba amefunikwa shuka, na njiani, Baba Neema, nilikushukuru. Ulikuwa unatembea pembeni yangu, umeshika kiti, nami nikakwambia asante kwa kuhangaika siku nzima. Neno hilo ukalipokea. Ukasema, "Usijali."

Mimi nimelitafakari hilo "usijali" kuliko mambo yote mengine uliyofanya, kuliko hata huyo mwanamke wa Nateete. Mwanamke, ukimpenda umempenda. Ulivyoondoka, uliondoka. Alfajiri nilikuta kabati tupu upande wako na skuta imekufa ukumbini, taa zinawaka, inalia. Hata hapo sikukushuku. Nilidhani imekusikitikia.

Kisha ukaja na karatasi. Mwenyekiti alituita barazani kwake, majirani wakajaa, na kwa kuwa miaka yote uliyokaa Kampala hukukubali kujifunza Kiganda, ikabidi kesi nzima isemwe Kiswahili, mwenyekiti wa watu akitoka jasho. Ukasimama kama mchungaji. Ukasema hutaki ugomvi. "Vitu vyote vizima abaki navyo mama wa mtoto. Vile vilivyokufa nitabeba mimi. Mimi ni fundi, yeye atavifanyia nini?" Akina mama wakakupigia makofi. Wakasema wanaume kama huyu wamebaki wachache. Ukaandika orodha ya vilivyokufa kwa mkono wako: televisheni ya zamani, feni, redio mbili, skuta. Tukatia sahihi, mwenyekiti akagonga muhuri, tukakubaliana utakuja na pikapu Jumamosi ya wiki ya pili.

Nilitia sahihi nikiona ni haki. Ndivyo ulivyokuwa umenitengeneza. Nilikuwa nimekaa ndani wiki tatu, meza yangu Nakawa imeanza kuwekewa mafungu ya nyanya na jirani, Neema yuko bweni hana habari, na nilijua kwamba skuta ikishapandishwa kwenye pikapu yako, mimi ndio basi tena, nitakuwa mtu wa kutoka mlangoni mpaka jikoni mpaka siku ya kunizika. Lakini imekufa, nikasema moyoni. Fundi amesema.

Aliyeniokoa ni Afande Opio, ambaye wewe ulimwita mzee wa kelele. Unajua walivyokuwa na baba, ambaye yeye alimwita Sajenti, walitengeneza redio za jeshi pamoja miaka chungu nzima. Siku hizi macho yamemwisha, anaona mwanga na kivuli basi, na hasira zimeongezeka. Alikuja Alhamisi kutaka chai, vijiko vinne vya sukari, akaingia ukumbini na fimbo yake akajikwaa.

"Nini hii natega watu kwa nyumba?"

"Skuta, Afande. Imekufa."

"Nani nasema ilikufa?"

"Baba Neema."

"Yeye iko daktari?" Akatafuta kiti kwa fimbo, akaketi. "Lete chai. Halafu wewe kaa chini hapo. Mimi macho ilienda. Wewe iko macho, wewe iko mkono. Mimi nauliza tu. Hapana gusa kitu kabla mimi nauliza."

Nikamwambia mimi sijui mambo ya umeme. Akanikaripia kama kuruta.

"Sitaki wewe najua nini. Nataka wewe naona nini. Taa nawaka?"

"Inawaka."

"Ya kijani ao nyekundu?"

"Kijani, Afande. Zote."

"Basi chakula iko. Fungua kiti, pima betri."

Nikaleta sanduku lako. Hukuwahi kuniruhusu kuligusa, nikalifungua kama naiba. Akanielekeza nimtajie kila kilichomo ndani mpaka nikaifikia mita, akaniambia nizungushe wapi na nigusishe sindano gani wapi. Betri mbili. Nikasoma kumi na mbili nukta nane, nyingine vilevile. Akakohoa kwa dharau. Nikapima fyuzi, nzima. Nikavuta nyaya moja moja kwenye vichwa vyake, zote zimekaza. Kila nilipotaka kusema "labda", alipiga fimbo sakafuni. "Labda hapana. Wewe naona nini?"

Akaniambia niwashe, nibonyeze cha kuendea, tusikilize. Ikalia. Pii, pii, pii, pii, pii, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Mara ngapi?"

"Tano."

"Hesabu tena."

"Tano, Afande."

Akanywa chai. "Sasa zima kabisa. Sukuma na mkono moja."

Nikaisukuma kwa mkono mmoja na ikateleza kama kigari cha mtoto mpaka ikagonga mlango. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na si kicheko kizuri.

"Wewe sikia mimi. Hii mashine ukizima, breki nashika yenyewe. Kama ilikufa kweli, hata watu wawili nasukuma, haiendi. Hii naenda. Kwa nini naenda? Mtu alifungua breki na mkono yake. Iko leva. Nyuma, chini, karibu na gurudumu. Ya kuachia, watu wapate kusukuma. Ukiacha hiyo juu, mota hata kama nzima, nakataa. Nalia tu. Tafuta."

Nikashuka mkekani. Tangu nikiwa msichana sikuwa nimeshuka chini namna ile kwa hiari yangu. Nikauburuta mguu, nikalala ubavu, nikapitisha mkono nyuma ya gurudumu. Vidole vikashika kitu kirefu kama kidole gumba, kimesimama juu. Nikamulika kwa simu. Kilikuwa cheusi. Nikakikwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka, na chini ya weusi kilikuwa chekundu, rangi ambayo waliotengeneza waliiweka makusudi ili hata mjinga akione. Pembeni palikuwa na alama ya kibandiko kilichochubuliwa kwa kisu.

Hiyo rangi nyeusi naifahamu. Ni ile uliyolipaka dirisha la jikoni.

Nikakishusha. Kikasema tak, kidogo tu. Nikapanda, nikabonyeza, skuta ikaruka mbele ikaangusha dumu la maji. Afande akainua miguu isilowe. Baadaye sana, chai imepoa, ndipo akauliza polepole, na sauti haikuwa ya kukaripia tena.

"Ile siku Sajenti nakufa. Hii kitu ililia mara ngapi?"

Mimi nilikaa nayo siku nzima ile, Baba Neema. Kila uliponiambia nijaribu, nilijaribu. Ule mlio nausikia mpaka nikiwa nashona. Ulikuwa mara tano.

Kisha akaniambia kitu ambacho alikificha kwa sababu alidhani mimi ndiye niliyekataa kwenda. Alikuwepo wodini ulipomtembelea baba. Baba alikushika mkono, akakwambia mbele ya Afande, "Kesho lete mtoto yangu. Iko neno nataka ambia yeye peke yake." Na wewe ukaitikia, "Sawa, mzee." Baba hakukupenda, hilo tulilijua wote. Uliogopa neno lake. Asubuhi ukainama nyuma ya gurudumu, ukainua leva kwa kidole kimoja, ukaja kutandika mkeka. Nilimuuliza Afande neno lenyewe lilikuwa nini. Akasema baba hakumwambia. Alikuwa analiweka, alikuwa ananingoja. Mpaka saa kumi kasoro alikuwa anauliza kama nimefika barabarani.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mtulivu. Nilitaka kumwaga mafuta ya taa kwenye sanduku lako na kulichoma pale uani. Nilitaka nije Nateete kwa magongo nikuvunje hivyo vidole kimoja kimoja. Afande akaniuliza, "Jumamosi iko lini?" Nikasema keshokutwa. Akasema, "Basi funga mdomo." Nikaufunga. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushuka mkekani.

Jumamosi ukaja. Shati jeupe, pikapu, vijana wawili wa kubeba. Majirani wale wale barazani. Mwenyekiti akatoa karatasi, akasoma: televisheni, ikapandishwa. Feni, ikapandishwa. Redio mbili. Akafika kwenye skuta, vijana wako wakaanza kuinuka, nikasema, "Hiyo naileta mwenyewe." Mmoja wao akatazama magongo yangu akacheka, na wewe ukatabasamu kidogo, kwa huruma. Hilo tabasamu nimelitunza.

Nikaenda nyumbani taratibu. Ni karibu, unajua. Mkafikiri nimekwenda kulia. Nikaweka sanduku lako kwenye kikapu cha mbele, nikahakikisha leva bado iko chini, nikazungusha kitufe nikampita kobe, nikapita na katikati, nikaenda mpaka kwa sungura ambaye sikuwahi kumfikia. Nikatoka. Kuku walikimbia. Nikapinda mbele ya duka la mkaa, nikapita kati ya watu, nikasimama mbele ya meza ya mwenyekiti, pua ya skuta ikiwa imeigusa.

Mwenyekiti akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Nnyabo, hii kalatasi nasema skuta ilikufa. Sasa hii nini nakuja?"

 Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nimeyakariri kwa Afande, lakini wewe hukunipa nafasi. Ulikuwa umesimama, umesahau watu, na ukasema kwa sauti kila mtu asikie:

"Nani amekuonyesha leva?"

 Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Leva gani, ssebo?"

Hakuna aliyekuwa ametaja leva, Baba Neema. Mimi nilikuwa nimefika tu. Ningekuja na mashahidi kumi nisingeweza kusema vizuri kama ulivyosema wewe mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe uliingia na shati jeupe. Dereva wa pikapu ndiye aliyeinama akachungulia nyuma ya gurudumu. Akaipandisha, nikabonyeza, ikalia mara tano. Akaishusha, ikaenda. Akairudia tena, na tena, kama mtu aliyepewa kitu cha kuchezea. Kisha nikawaambia habari ya siku ya baba, maneno machache, kwa kuwa akina mama wengi waliokupigia makofi ndio waliokuja kunifariji msibani na wanaikumbuka ile nusu saa yako. Walikuwa wanapita uani na sufuria, wanakuuliza vipi, nawe unawajibu. Mama wa kanisa aliyekuwa mbele kabisa akavua kanga begani akajifunika kichwa, hataki kukutazama.

Kuhusu sanduku, wewe ndiye uliyeanza. Ulinyoosha mkono kwenye kikapu ukasema hilo ni lako, halimo kwenye mjadala. Kweli halikuwemo, hukuliandika popote. Kwa fundi vifaa ni kama mikono, nani huandika mikono yake kwenye orodha? Mwenyekiti akafikiri. Akauliza swali moja tu, na nitamwombea kwa swali hilo maisha yangu yote.

"Sanduku iko nazima ao ilikufa?"

Nikaifungua mita, nikagusisha sindano kwenye betri, nikamwonyesha namba.

"Nazima," akasema. "Iko ya mama." Akagonga muhuri.

Ukaondoka na televisheni, feni na redio mbili. Baadaye nimesikia skuta ilikuwa imeshaahidiwa mtu, mama mkwe wako mpya, ambaye magoti hayamtoi tena nje. Sina ugomvi na huyo mama. Mwambie akipata ya kwake aje Kamwokya nimwonyeshe leva iko wapi, kabla wewe hujamwambia haipo.

Unataka kujua hali yangu. Meza nimeirudia, nyanya zimehama. Asubuhi nashona, na jioni watu wananiletea pasi, feni, baiskeli za walemavu wenzangu, birika la umeme lililoungua kamba. Sijui mengi. Nauliza kama Afande alivyouliza, naona kwanza, labda hapana. Mwenye kitu namkalisha pembeni yangu, namwinamisha kichwa juu ya kazi, namwonyesha ilipoharibika na ilivyopona. Hakuna anayeondoka kwangu bila kujua. Kila ninapofanya hivyo nakuwa nakupiga kofi, na sijachoka bado.

Nikipita njia ya Mulago napunguza mwendo. Baba tulimzika kwao kaskazini, lakini mimi neno langu najua lilibaki pale, kwenye kitanda cha dirishani. Nimejaribu kulibuni. Siku nyingine nadhani alitaka kuniambia nikuache. Siku nyingine nadhani lilikuwa jambo dogo tu, habari ya mama, au wapi kaweka medali yake. Hilo ndilo ulilonichukulia, na haliwezi kupandishwa kwenye pikapu kurudishwa. Mchungaji ameniambia nikusamehe. Nimemwambia nitampa jibu, na nimemwonyesha kikapu kilivyojaa kazi za watu.

Haya, sanduku. Umesubiri vizuri.

Nimelisafisha. Bisibisi nimezipanga kama ulivyozipenda, kubwa mpaka ndogo. Mita nimeitia betri mpya. Usihangaike kuja kulichukua, njia ya kwetu ikinyesha ina utelezi, na shati lako litachafuka. Nimeamua kukuletea mwenyewe. Kwa hiyo usitoke. Usiite gari wala usiazime vifaa vya mtu. Vaa viatu, weka kiti mlangoni, utazame barabara. Njia naijua, betri zimejaa, leva iko chini.

Kaa hapo hapo, Baba Neema. Nakuja. Nusu saa tu.

Mimi,
Binti wa Sajenti, mama wa Neema